Kaya yetu imechaguliwa kwenye utafiti wa kilimo, mzee anataka tupunguze ekari. Nifanyeje?

Kijana_Namtumbo:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Namtumbo, mkoani Ruvuma, nalima mahindi na ufuta pamoja na mzee wangu. Juzi mtendaji wa kijiji alikuja na dada mmoja mwenye kishikwambi na kitambulisho cha NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Atarudi kesho kutwa kuuliza ekari tulizolima, mbegu, mifuko ya mbolea, vibarua, magunia tuliyovuna, bei tuliyouzia na kama tuna mkopo.

Tumelima ekari 14. Mzee anasema tutaje 6. Anahofia ushuru, na anahofia mavuno yakionekana makubwa tutaondolewa kwenye mbolea ya ruzuku. Roho yangu haitulii kumdanganya yule dada, ila siwezi kumbishia baba mbele ya mgeni. Naombeni ushauri, hasa mliowahi kuhojiwa.

Mdadisi_wa_Zamani:
Mkuu, nimefanya kazi hiyo misimu miwili. Sheria ya Takwimu ya 2015 inakataza kutoa taarifa za mtu mmoja mmoja. Kinachochapishwa ni jumla. Sensa ya kilimo ya 2019/20 ilihesabu kaya za kilimo takriban milioni 7.8, na hakuna msomaji anayejua ipi ni ya nani. Ruzuku ina daftari lake ambalo wakulima mnajiandikisha wenyewe, halihusiani na utafiti huu. Lakini kudanganya kwa makusudi, sheria hiyohiyo inakukataza.

Tena mtajikwaa. Ukitaja ekari 6 halafu mbegu na mbolea za ekari 14, dada atarudia maswali mpaka jua lizame. Nilipokuwa kazini, baadhi ya mashamba tuliyazunguka kwa miguu tukipima kwa GPS.

Ngosha_Pamba:
Sisi tulihojiwa mwaka juzi. Hadi leo hatujaona trekta wala barabara. Mwache mzee aseme anavyotaka.

Mdadisi_wa_Zamani:
Ngosha, uchungu wako nauelewa, na wadadisi wanaoahidi trekta wanakosea sana. Utafiti hauleti trekta. Ila kumbuka 2017 mahindi yalipozuiwa kwenda nje. Uamuzi wa namna ile hutazama chakula kilichopo nchini. Sasa kila mwenye ekari 14 akisema 6, ghala la Ruvuma litaonekana tupu kwenye makaratasi wakati mahindi yamejaa ndani na bei imelala. Anayeumia ni mkulima yuleyule aliyeficha.

Mama_Makambako:
Mwanangu, usimbishie baba. Kaa naye leo usiku, mfanye hesabu wawili. Mimi nilipohojiwa kilichonishinda ni kukumbuka. Nilisema magunia 40, nikasahau kwamba mengine yalikuwa lumbesa, yaani yaliyojazwa kupita kipimo, na gunia la lumbesa si kilo 100. Nikasahau mahindi mabichi tuliyochoma na kuuza barabarani tangu Februari. Nikasahau vibarua niliowalipa kwa debe la mahindi badala ya pesa. Jasho la wanangu watatu ndiyo kabisa sikulitaja, kana kwamba palizi ilijifanya yenyewe. Tafuteni risiti za mbolea, andikeni kila shamba peke yake.

Halafu muulize baba taratibu: anamwogopa yule dada, au anamwogopa mtendaji atakayekaa pembeni akisikiliza?

Kijana_Namtumbo:
Mama, shikamoo, na asante. Nimemuuliza. Amekaa kimya kidogo, kisha akasema mtendaji ndiye anayepita kukusanya michango, na deni letu la pembejeo hataki lijulikane kijijini. Kumbe ni hilo.

Mdadisi_wa_Zamani:
Basi ombeni mzungumze na mdadisi peke yenu. Mtendaji kazi yake ni kumtambulisha, akishamaliza aage. Ni haki yenu, mdadisi mzuri huomba hivyo mwenyewe.

Kijana_Namtumbo:
Mzee amekubali, ila anataka mahojiano yafanyike kule shambani, chini ya mwembe. Tumeanza kuandika. Mpaka sasa tumefika shamba la pili, na tayari amekumbuka mifuko miwili ya mbolea aliyomkopesha baba mdogo.