Geji ya mzani: kanvasi, OpenGL au picha?

kijana_wa_Uyole: Wakuu poleni na baridi. Nina mteja wa viazi, anataka app isome mzani kwa Bluetooth, ionyeshe geji ya duara mshale upande taratibu bila kukwamakwama. Nichore kwa kanvasi (uchoraji wa kawaida wa Android), OpenGL (kuiamrisha GPU, chipu ya michoro, moja kwa moja), au nizungushe picha? Jumatatu naanza.

mwanjelwa_kodi: Android ya kawaida au Flutter, ile ya Google ya kuandika app moja kwa simu za aina zote? Simu gani? Mbona hujasema kitu.

kijana_wa_Uyole: Android ya kawaida, lugha ya Kotlin. Simu za watu wa sokoni, RAM 1 GB, nyingi Android 8.

dada_Mafinga: Kimbia OpenGL. Nilirithi app ya mteja wa mbao huku, geji ya unyevu wa tanuru la kukaushia, aliyenitangulia kaiandika kwa OpenGL ES na ukiiona mezani utaipenda, sasa msimamizi akizima skrini akiwasha, teksicha zote, yaani picha zilizopandishwa kwenye GPU, zimepotea, namba hakuna, mshale unaning'inia peke yake, jamaa anajua tanuru limekufa ananipigia saa nane usiku. Na OpenGL yenyewe haiandiki maandishi, kila namba uichore kwenye bitmapu, yaani picha ya kawaida, kwanza ndo uipandishe. Yote hayo kwa mshale mmoja!

mwanjelwa_kodi: Kanvasi inatosha, siku hizi GPU ndo inachora. Sahani na namba View moja (kipande cha skrini), mshale View yake, badilisha rotation tu, yaani pembe yake, onDraw, ile kodi ya kuchora, haiitwi tena. Skrini ya 60 Hz inakupa milisekunde kama 16 kwa fremu, kwa hiyo usiunde Paint (kitu kinachobeba rangi na unene wa mstari) mpya ndani ya onDraw, memori ikianza kusafishwa katikati fremu zinaruka.

kijana_wa_Uyole: Na kivuli cha mshale? Mteja kakikomalia.

dada_Mafinga: setShadowLayer, ile amri ya kivuli, ukiitumia kwa maumbo GPU haiikubali chini ya Android 9, utalazimika kurudi software, yaani kuchora bila GPU, na ulaini kwaheri. Weka kivuli kama picha.

chipukizi_Iringa: Flutter jamani, CustomPainter ya kuchorea na RepaintBoundary ili mshale ukisogea sahani isichorwe upya, jioni moja umemaliza.

mwanjelwa_kodi: Kwa RAM 1 GB? Jaribu kwanza ndo uje.

mkulima_Isyesye: Mimi kodi sijui, ila hiyo app inaijua lumbesa? Dalali anajaza gunia mpaka kilemba halafu analipa la kawaida.

kijana_wa_Uyole: Hahaha mzee, ndo maana anataka mzani uonekane kwa mbali.

chipukizi_Iringa: Si uweke namba kubwa tu, mshale wa nini?

kijana_wa_Uyole: Kauona kwenye dashibodi ya gari lake, haambiliki.

mkulima_Isyesye: Gunia shilingi ngapi hapo Uyole leo?