Naomba ushauri: nzi wadogo wawindaji wa bonde la Luiche, Kigoma

Wakuu, naomba msaada wa kutambua nzi wa milimita 2 hadi 4 wanaowinda juu ya majani ya mpunga na migomba.

Wa kijani cha kung'aa wenye miguu mirefu hawanisumbui, ni Dolichopodidae (familia ya nzi wa miguu mirefu). Shida ni wa kijivu: ubavuni mwa kifua, juu ya mguu wa kati, wana nywele ngumu 3 zilizokaa pembetatu ya pande sawa, dalili ya Coenosia (jenasi ya nzi wawindaji) na jamaa zake. Madume nawakata ncha ya tumbo, naiweka kwenye haidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10, kisha nachunguza viungo vya uzazi ndani ya gliserini. Majike je, nawatambuaje? Rangi ya miguu pekee siiamini.

Pia nina wenye kibiongo, paja la kati nene lenye miiba chini. Naegemea Platypalpus (jenasi nyingine ya nzi wawindaji), nitazame nini zaidi, mwiba wa kwenye ncha ya muundi wa mguu huo?

Jingine: wakiwa kwenye spiriti ya asilimia 70, vumbi la asili la kifuani, ambalo ni alama muhimu ya utambuzi, halionekani. Nikiwaanika, macho na tumbo vinabonyea. Mnawakaushaje?