Uwezekano: njia ya nadharia au ya majaribio, uanze na ipi?

MwlChuno: Wakuu, nina vijana wa twisheni hapa Mtwara mjini. Kwenye uwezekano kuna njia ya nadharia (matokeo unayoyataka gawanya kwa matokeo yote) na ya majaribio (unarudia mara nyingi, unahesabu ngapi zimetokea). Muda mchache. Nianze na ipi?

Bambo_Newala: Ya pili, mwalimu. Korosho ni nzima au mbovu, matokeo mawili. Kwa hiyo nusu kwa nusu? Nunua kwa hesabu hiyo uone utakavyofilisika! Sisi tunatoa sampuli, tunapasua, tunahesabu. Kwenye 200 zikiwa mbovu 18, ni 0.09.

Dadu6: Unaionea bure, kaka. Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, aliweka sharti: matokeo yawe na nafasi sawa. Nzima na mbovu hazina, basi njia haihusiki. Hata Mfaransa mwenzake D'Alembert, naye mwanahisabati, aliteleza hapo mwaka 1754. Rusha shilingi mara mbili. Nafasi ya kupata kichwa angalau mara moja? Alisema 2/3, kwa kuwa kichwa kikitoka mwanzo mchezo umeisha, akabaki na matokeo matatu: K, MK, MM (K kichwa, M mwenge). Kumbe hayalingani uzito. Andika yote: KK, KM, MK, MM. Jibu 3/4.

MwlChuno: Na wakirusha mara 10 wakapata vichwa 7? Watasema namba zinadanganya.

MamaNachingwea: Waendelee kurusha. Mwanahisabati John Kerrich, akiwa kizuizini Denmark wakati wa Vita Kuu ya Pili, alirusha mara 10,000, vichwa 5,067. Vilizidi nusu kwa 67, wala shilingi haikurudi kulipa deni; hizo 67 zimemezwa tu na wingi. (Wabeti wa kijiweni kwetu hawataki kusikia hili.)

Bambo_Newala: Sawa, ila utajuaje shilingi haijapinda bila kuirusha?

Dadu6: Hapo umenibana. Lakini na 0.09 yako ni ya mzigo ule tu. Msimu mwingine mvua ikizikuta hazijaanikwa, imekufa. Na ukichoma bambo (chuma cha kuchotea sampuli guniani) magunia ya juu peke yake, umepima ya juu.

MwlChuno: Basi naanza na dadu, halafu kisoda. Pande mbili, lakini wakadirie kwanza ndipo warushe.

Bambo_Newala: Kisoda kimoja hicho hicho, mwalimu. Kila kifungulio kinakunja kivyake, na vilivyofunguliwa kwa meno ndiyo kabisa. Ukichanganya hutajua umepima nini.