Nimerudi nyumbani: bustani imechipua, paka hawanipi nafasi na mfarishi haujaisha. Nianze na kipi?

Kiraka_Cha_Mama (mleta mada)

Habari za wakati huu wapendwa. Nilikuwa mbali na nyumbani tangu kabla baridi haijaanza, nikimuuguza dada yangu. Ameshapona, namshukuru Mungu, nami nimerudi majira haya kila kitu kinapochipua. Nina furaha kubwa, lakini kazi zimenizidi.

Bustani kwanza. Majani makavu ya msimu uliopita yamelala juu ya matuta, na katikati yake tulipu zimetoboa na kutokeza ncha zenye wekundu. Waridi limerefuka ovyo. Karibu na mlango kuna vichaka viwili vimejaa vifundo vya maua, ila matawi yamevurugika na mkono unaniwasha kuvikata. Udongo bado umelowa, ukikanyaga unaganda kwenye soli.

Paka ni wawili, jirani ndiye aliyekuwa akiwalisha. Jike ni mtu mzima, amejichimbia chini ya kitanda na ananitazama tu. Dume bado kijana, mchezo kuanzia asubuhi hadi usiku: anafukua tuta nililolisawazisha sasa hivi, kisha anaingia ndani na tope miguuni.

Halafu kuna mfarishi wa viraka. Marehemu mama alishona miraba mingi, mimi nikaongeza yangu, yote ikakunjwa kabatini. Nilipoitandaza sakafuni nimekuta ina mistari ya mikunjo, na miraba ya mama ni mikubwa kidogo kuliko yangu. Nikikaa kushona, yule dume anaudaka uzi kila unapopanda juu na sindano. Nataka umalizike kabla baridi haijarudi, ni zawadi ya binti wa huyo dada yangu.

Nikiamka sijui nishike jembe, nishike sindano au nikae na paka. Wenye uzoefu niongozeni, hasa kipi hakiwezi kusubiri.

Babu_Mpogoaji

Karibu nyumbani binti yangu, na pole kwa kuuguza.

Jembe liache kwanza. Udongo unaoganda kwenye soli haujawa tayari. Ukiulima sasa unaushindilia, matundu ya hewa yanaziba, na ukikauka unabaki mabonge ambayo mizizi michanga haipenyi. Chota konzi moja kutoka kina cha kidole, ifinye, kisha ibonyeze kwa kidole gumba. Likibaki donge la kunata, subiri. Likivunjika chengachenga, endelea.

Kazi ya mkono unaweza kuianza leo. Majani yaliyofunika tulipu yaondoe kwa vidole, maana reki itakata zile ncha. Magugu nayo ng'oa mapema, udongo uliolowa unaachia mzizi mzima bila kukatika. Ila usikanyage tuta; weka ubao upige goti juu yake, uzito usambae.

Vile vichaka viwili usiviguse kabisa. Vinavyochanua mwanzoni mwa majira haya, kama lilaki na forsithia, hutengeneza vifundo vyake kwenye matawi ya mwaka uliopita. Ukipogoa leo unatupa maua ya mwaka huu. Ngoja vichanue, maua yanyauke, ndipo upogoe bila kuchelewa ili matawi mapya yapate muda wa kutengeneza vifundo vya mwakani. Waridi ni kinyume chake, mengi huchanua kwenye tawi jipya, kwa hiyo hilo lipogoe sasa vifundo vinapoanza kuvimba. Toa matawi yaliyokufa na yanayosuguana, na kila unapokata, kata juu kidogo ya kifundo kinachotazama nje ili katikati paingie hewa.

Tulipu zikimaliza kuchanua, kata lile ua lililonyauka tu. Majani yaache mpaka yawe manjano yenyewe, hata kama yanakuudhi macho. Ndiyo yanayokilisha kitunguu kilicho chini ili kichanue tena mwakani.

Mama_Paka

Dada, kabla ya jembe na kabla ya waridi, tuzungumzie uzi. Hili ndilo haliwezi kusubiri hata leo jioni.

Ulimi wa paka una miiba midogo inayoelekea nyuma. Uzi ukishaingia mdomoni ni vigumu kuutema, anaumeza. Ncha moja inaweza kujizungusha chini ya ulimi au kukwama kwenye tundu la kutokea tumboni, huku nyingine ikiendelea na safari. Utumbo unajikusanya juu ya uzi uliokazika, na uzi ule unaweza kuukata. Hapo ni upasuaji, na kuna paka hawaamki. Uzi wenye sindano ndio mbaya zaidi.

Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au sehemu ya haja, usiuvute na usimwache alale ukitegemea utatoka. Mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo. Vivyo hivyo akitapika mara kwa mara na kukataa chakula.

Kwa hiyo vifaa vya kushonea viwe kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, vipande vya uzi uliokata viingie humo moja kwa moja, na ukishona funga mlango yeye akiwa upande wa pili. Sisemi umnyime mchezo. Tafuta fimbo yenye unyoya au kitambaa kipana mwishoni, na ichezeshe ikimkimbia, ikijificha nyuma ya mguu wa kiti, ikitulia, kisha ikichomoka. Ukimsogezea usoni hatajali, kwa sababu windo halimfuati mwindaji. Mwache akamate mara kadhaa, mwishowe mpe chakula. Atajiramba na kulala, na wewe unapata muda wako wa sindano. Fimbo nayo iweke kabatini baada ya mchezo.

Huyo jike usimvute kutoka chini ya kitanda. Kaa sakafuni na shughuli yako, na akikutazama fumba macho polepole kisha fumbua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha matokeo mwaka 2020 yakionyesha kuwa paka walikuwa wepesi zaidi kumsogelea hata mtu wasiyemjua kama aliwafumbia macho hivyo. Hakikisha tu anakula, anakunywa na anatumia choo chake. Akipitisha siku nzima bila kula, hilo si suala la kununa tena, aonwe na daktari.

Na swali: bustani yako ina yungiyungi?

Kiraka_Cha_Mama

Asanteni sana, Babu na Mama. Kopo nimeshalipata, lilikuwa la biskuti. Yungiyungi yapo, Mama, mstari mzima kando ya uzio, ndiyo kwanza yanachomoza. Kwani yana nini?

Mama_Paka

Yang'oe, mpenzi. Najua yanapendeza, lakini yungiyungi halisi, yaani jamii ya Lilium, pamoja na lili za siku moja za jamii ya Hemerocallis, huharibu figo za paka. Kila sehemu ina sumu: jani, ua, chavua, hata maji ya chombo ulimowekwa ua lililokatwa. Si lazima atafune. Chavua ikimwangukia manyoya na akajiramba, imetosha. Na akishaguswa usingoje dalili, maana zikijitokeza huenda figo zimeshaanza kufa. Kwa paka anayetoka nje na kuchezea kila kinachotikisika, mimi nisingebakiza hata shina moja.

Tulipu na dafodili zina sumu pia, hasa vile vitunguu vya chini, ila hazina ukali wa yungiyungi. Zifukie vizuri asizifukue. Na dawa za konokono zenye metaldehaidi zisikanyage bustani hiyo.

Mkulima_Mdogo

Mimi nichangie kuhusu kufukua matuta. Nyunyiza pilipili au weka vidonge vya nondo pembezoni, hatarudi.

Mama_Paka

Mkuu, nakuomba hilo ulifute. Vidonge vya nondo vyenye naftalini ni sumu kwa paka, na pilipili inamwingia machoni anapojisafisha uso kwa kiganja. Anachokitafuta paka ni udongo mkavu, laini na mtupu. Mwondolee hivyo vitatu: mwagilia baada ya kupanda, panda kwa kubanana, na penye nafasi laza wavu wa kuku chini ya udongo kidogo au chomeka vijiti vifupi vilivyokaribiana. Kisha mpe pembe yake yenye mchanga, na jirani yake panda nepeta, ule mnanaa wa paka. Si wote wanaoujali, kwani ni jambo la kurithi na karibu thuluthi moja hawashtuki kabisa, lakini dume kijana mwenye afya kuna uwezekano mkubwa atagaagaa hapo na kuyasahau matuta.

Dada, vaa glavu unaposhika udongo huo. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vijidudu vya toksoplasma, ambavyo ni hatari hasa kwa mjamzito. Kisiingie kwenye mboji pia.

Mkulima_Mdogo

Nimeelewa Mama, nimejifunza. Mleta mada, yapuuze yale ya kwanza.

Subana_Mkononi

Nimesubiri kwa hamu kufika zamu ya mfarishi.

Mikunjo haina shida. Nyunyizia maji kidogo upande wa nyuma, weka pasi juu, bonyeza, inua, sogeza. Usiiburute, kwa sababu viraka vilivyokatwa mshazari vinavutika na mraba unapoteza umbo. Kabla ya hapo chukua kitambaa cheupe chenye unyevu ukibonyeze juu ya kila rangi nzito, hasa nyekundu na samawati. Kikitoka na rangi, ujue siku ya kufua itahamia kwenye vyeupe, na ni heri kujua sasa. Usifue miraba ikiwa bado haijaunganishwa, kingo zitafumuka nyuzi.

Sasa miraba ya mama. Usiifumue, na usiipunguze kama ina nyota au pembe zinazofika ukingoni, utazikata ncha. Fanya hivi: kila mraba, wake na wako, uzungushie ukanda wa kitambaa cha rangi moja tulivu. Kwenye miraba yako ukanda uwe mpana zaidi. Kisha kata yote kwa kipimo kimoja, ukikumbuka ukingo wa mshono wa robo inchi, kama milimita 6, kila upande. Jicho halitaona tofauti ya ukubwa, litaona miraba inayoelea kwenye fremu.

Kwa kujaza ndani, tandaza tabaka la pamba usiku mzima lijinyooshe. Kitambaa cha nyuma kizidi kwa kama sentimita 10 kila upande, kwa kuwa mishono inavuta. Piga bandi kuanzia katikati kwenda nje, au tumia pini za kufungia, kila moja umbali wa kiganja. Mishono yenyewe nayo ianzie katikati, vinginevyo utasukuma kilima cha kitambaa ambacho hakina pa kutokea. Pini zisikae miezi, zinaacha kutu.

Kiraka_Cha_Mama

Subana, umenigusa. Niliogopa kwamba nisipofumua kazi ya mama mfarishi utaonekana umepinda, na nikifumua nitakuwa nimeufuta mkono wake.

Subana_Mkononi

Usifumue. Wanawake wa Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani, walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, mistari imepinda, miraba haikulingana, na mwaka 2002 mifarishi hiyo ikatundikwa kwenye jumba la sanaa la Houston. Watu hawakuja kupima kwa rula. Binti huyo akikua atataka kujua ni kipi alichoshona bibi yake na kipi ulichoshona wewe, na tofauti hiyo ndogo ndiyo itakayomwonyesha.

Babu_Mpogoaji

Kuhusu kupanga siku, binti yangu: asubuhi na mapema majani yana umande, na kupita katikati ya mimea iliyolowa kunasambaza magonjwa ya ukungu. Huo muda cheza na dume, mlishe, kisha funga mlango ushone wakati mwanga ni mzuri. Bustani iingie umande ukishakauka. Jioni paka anachangamka tena kwa asili yake, basi jembe liwe limeshawekwa chini. Ukiona wiki imekubana, kiporo kiwe mfarishi. Magugu yakitoa mbegu utayapalilia miaka.

Kiraka_Cha_Mama

Yungiyungi yametoka yote, nimeyatia kwenye mfuko na kuufunga. Udongo wa juu, karibu na ukuta, umevunjika chengachenga. Wa chini bado unanata. Jike ametoka usiku akanusa miraba iliyokuwa mezani. Swali la mwisho kwa Subana: mishono ya matabaka iachane umbali gani? Nataka kuacha nafasi kubwa ili viraka vya mama vionekane.

Subana_Mkononi

Inategemea pamba uliyonunua, soma karatasi yake. Ya kisasa iliyopigwa sindano kiwandani ili nyuzi zake zisokotane inashikana, nyingine inavumilia hata sentimita 20. Pamba tupu isiyoshikizwa inataka mishono ya karibu zaidi, la sivyo ukifua inajikusanya mabonge ndani. Ukiweza, shona kwanza kandokando ya kila kiraka cha mama, ndani ya mstari wa mshono wake. Uzi hautaonekana juu, na kiraka kitainuka kidogo. Na huyo jike anayepanda mezani, tandika shuka kuukuu juu ya kazi kila unapoondoka, manyoya yakinasa kwenye pamba hayatoki.

Babu_Mpogoaji

Huko juu anza. Changanya mboji, usawazishe, na ukishapanda weka matandazo unene wa sentimita 5 hivi, yasiguse mashina. Chini usiguse mpaka konzi yake ivunjike.