Laptopu ikilala haiamki, naombeni ushauri kabla ya Jumatatu

Mwalimu_Kayole: Wadau, nimekwama. Nikifunga kifuniko laptopu ikalala, haiamki tena. Taa yake inawaka, feni inavuma, skrini nyeusi tititi. Nalazimika kuubana mswichi hadi izimike, na nisichohifadhi kinapotea. Juzi zimeenda maksi za kidato cha pili, madarasa mawili mazima. Fundi anasema ni madabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Mnasemaje?

Wa_58: Pole sana. Yangu niliinunua Luthuli nikaisahau kwa matatu ya Buruburu siku hiyo hiyo. Hadi leo nikiona mkoba mweusi nageuka.

Mzee_Huruma: Maksi za watoto wa watu huandikwa kwanza kwenye karatasi, mwalimu. Sisi tulifunzwa hivyo.

Fundi_Umoja: Ikikataa kuamka, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Hiyo huanzisha upya draiva ya picha, programu inayoendesha skrini. Isipoitika, niambie: kuna kitu kilibadilishwa ndani?

Mwalimu_Kayole: Hakuna.

Fundi_Umoja: Hakuna kabisa? Mashine ikilala, kazi uliyofungua hubaki kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda, na umeme kidogo ndio unaoishikilia. RAM ikiwa na kasoro, kuamka ni shida.

Mwalimu_Kayole: Sawa. Wiki mbili zilizopita niliongezewa ya GB 8 kando ya ile ya 4. Lakini siku ya kwanza ilifanya kazi vizuri! Na fundi tunasali naye, hawezi kunidanganya. Nishamtumia 4,000 za madabodi.

Dada_Rongai: Ngojeni. Mwezi jana akaunti hii iliuliza bei ya matairi ya lori, ikasema ni dereva wa Mlolongo. Leo ni mwalimu? Hadithi ya kutunga, tuchangishwe.

Mzee_Huruma: Kumbe! Na nilikuwa nishashika simu nimtumie mia mbili.

Mwalimu_Kayole: Dereva ni kaka yangu, akaunti tunaitumia wawili. Sijaomba mtu hata shilingi. Mnaniumiza.

Dada_Rongai: Kila mtu ana kaka.

Fundi_Umoja: Awe dereva, awe mwalimu, dawa ni ile ile. Hifadhi kazi, izime, chomoa chaja, tenganisha betri. Toa ile ya 8, uache ya 4 peke yake. Kisha ilaze uone. Usiongeze hata senti kwa madabodi kabla ya hapo.

Mwalimu_Kayole: Kijana wa jirani amenisaidia kuifungua. Imelala mara tatu, imeamka mara tatu. Nampigia fundi tangu saa mbili, hashiki.