Vifaranga wa gapi: kisanduku cha kuning'iniza, beseni la uani au tangi lao wenyewe?

Mwanamaji_Kibaha

Wakuu, salaam. Jike wa gapi, yule samaki mdogo wa mapambo anayezaa watoto hai, huzaa kila baada ya wiki nne hivi, na akishapandwa mara moja hutunza mbegu za dume mwilini, anaweza kuzaa mara kadhaa bila dume kuwapo. Kwa hiyo suala la mahali pa kuwaweka vifaranga litakurudia kila mwezi, afadhali ulimalize mapema. Njia ninazoziona watu wakitumia ni nne.

Ya kwanza ni kuwaacha kwenye tangi la wazazi lenye mimea mingi. Haina gharama, ila wazazi huwala vifaranga, hata mama yao mwenyewe. Mosi wa Java (mmea laini wa majini, kama nyuzi) ukijaa kona nzima, na mimea inayoelea ikifunika nusu ya uso wa maji, wachache watapona. Inamfaa asiyetaka samaki wengi.

Ya pili ni kisanduku cha plastiki au wavu mdogo unaoning'inizwa ndani ya tangi la wazazi. Hiki ndicho madukani wanachokupa kwanza, na ndicho kinachodumaza samaki wengi. Kinabeba lita moja na kidogo, matundu yake ni madogo, maji hayapiti vizuri, na chakula kisicholiwa kinaoza chini ya vifaranga. Jike akifungiwa humo siku kadhaa akisubiri kuzaa anapata msongo, na wengine huzaa kabla ya wakati: unakuta vifaranga wenye kiini cha yai bado tumboni, wamelala chini, hawaogelei. Mimi nakiona kinafaa kwa saa chache tu, jike akiwa ameshaanza kuzaa.

Ya tatu ni beseni au ndoo uani. Ya nne ni tangi lao wenyewe: kioo cha sentimita 45 kwa 30 kwa 30, ukijaza maji hadi sentimita 25 unapata lita kama 33. Chini usiweke mchanga wala kokoto, ili uchafu uonekane na uvutike. Ndani weka chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, fungu la mosi, na mfuniko. Kwangu hii ndiyo njia. Vifaranga 30 hadi 40 wanakaa humo mpaka umri wa kutenganishwa madume na majike. Nani anapinga?

Nyali_Mwamba

Sipingi, ila beseni umelipita mbio mno. Kwetu Mombasa maji ya ndani yanakaa nyuzi 27 hadi 29 bila hita, na beseni la lita 60 likiwekwa kivulini wiki mbili kabla, likiwa na mimea na maji yaliyoanza kugeuka kijani, linakuwa na vijidudu vya kula mchana kutwa. Vifaranga wa beseni hukua haraka kuliko wa kioo, kwa sababu wanadonoa muda wote.

Yanayoharibu beseni ni haya. Jua la moja kwa moja: ndoo nyeusi ya lita 20 ikipigwa na jua la mchana inawapika. Mvua: beseni likifurika samaki wanatoka nayo, kwa hiyo toboa tundu sentimita tano chini ya ukingo na uzibe kwa chandarua. Na adui ambaye watu hawamjui, yaani buu wa kerengende. Kerengende hutaga majini, buu wake anakaa chini kimya na anakamata kifaranga mmoja baada ya mwingine. Ukiona idadi inapungua na maiti hazionekani, tafuta huyo. Chandarua juu ya beseni kinamzuia kerengende asitage, na kinamzuia mdiria pia.

Halafu jambo la amonia, yaani sumu inayotokana na kinyesi na chakula kinachooza, kwa watu wa pwani hasa. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yana chokaa na pH (kipimo cha uasidi wa maji) inafika 8. Gapi wanayapenda. Lakini amonia ileile kwenye pH 8 ina sehemu yenye sumu karibu mara 10 ya ile ya pH 7, na joto linaongeza zaidi. Mtu wa bara akisahau kubadilisha maji siku mbili anaweza kusamehewa. Huku tunaokota maiti.

Kikuyu_Baridi

Naam, na huku Nairobi hali ni kinyume. Juni hadi Agosti tangi lisilo na hita linashuka nyuzi 18 au chini, vifaranga wanaacha kula na kukua kunasimama. Kwa lita 33 chukua hita ya wati 50 na uiweke nyuzi 26. Zungushia povu la kufungashia bidhaa pande tatu za kioo, mfuniko juu, umeme utapungua. Zima hita na uiache ipoe dakika 15 kabla ya kupunguza maji, maana ikibaki nje ya maji ikiwa moto inapasuka.

Maji ya bomba ya huku mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, ni laini, sabuni inatoa povu upesi. Gapi kwenye maji laini hukunja mapezi na kutikisika pale pale bila kwenda mbele. Tia kiganja cha makombe yaliyopondwa au vipande vya matumbawe ndani ya soksi ya nailoni, uifunge karibu na chujio maji yapite hapo. Maji ya mvua peke yake usiyatumie kabisa.

Dada_Tabata

Mmeongea vyombo vizuri, sasa chakula. Kifaranga wa gapi anazaliwa na urefu wa milimita 6 hadi 8, na anakula siku hiyohiyo. Mlishe kidogo mara 3 au 4 kwa siku. Baada ya kula tumbo lionekane limevimba kidogo, na baada ya dakika tano kusiwe na mabaki.

Kiini cha yai la kuchemsha naomba mkiache. Kinachafua maji ndani ya saa chache, na kwenye tangi dogo wanaoanza hawajui kukipima. Chakula cha samaki wakubwa kilichosagwa kwa vidole mpaka kiwe unga kinatosha kuwakuza. Bora zaidi ni vitoto vya atemia, vijidudu vidogo jamii ya kamba wa maji ya chumvi. Lita moja ya maji, gramu 25 za chumvi, robo kijiko cha chai cha mayai yake, hewa ya nguvu kutoka chini, taa juu, nyuzi 26 hadi 28. Baada ya saa 24 hivi wameanguliwa. Zima hewa dakika 10, weka tochi chini ya chupa: maganda yanaelea, vitoto vya rangi ya chungwa vinafuata mwanga chini. Vifyonze kwa mpira mwembamba, chuja kwa kitambaa chenye nyuzi za karibu, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Usimwage maganda kwenye tangi, hayameng'enywi na yanaweza kuziba utumbo.

Mayai ya atemia ni ghali na si kila duka linayo. Mbadala ni minyoo midogo inayofugwa kwenye uji mzito wa shayiri ndani ya kopo: weka uji uliopoa, mbegu ya minyoo kijiko kimoja, hamira kidogo juu, toboa mfuniko. Ndani ya wiki wanapanda kuta za kopo, unawafuta kwa kidole. Wao huzama, kwa hiyo wape kidogo kidogo.

Mwanamaji_Kibaha

Dada, shukrani, hapo kwenye kiini cha yai nakuunga mkono. Nyali, nimekubali beseni kwa pwani, ila kwa kuona ugonjwa mapema kioo kinabaki mbele.

Niongeze la sponji, kwa sababu hapo ndipo tangi jipya huua. Sponji mpya haina bakteria wa kula amonia, na wao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga wakianza sifuri. Siku jike anapozaa, chomeka sponji ya pili kwenye tangi la wazazi. Mzao ujao ukifika sponji imeiva, unaihamisha na hewa yake. Ukiikamua, ikamue kwenye maji ya tangi uliyoyatoa, kamwe si bombani, klorini inaua bakteria.

Maji mapya yakae kwenye ndoo wazi saa 24 hadi 48, au tia dawa ya kuondoa klorini. Badilisha asilimia 30 kila baada ya siku moja, joto lisipishane zaidi ya nyuzi mbili. Fyonza kwa mpira wa hewa uliofungwa soksi ya nailoni mdomoni.

Mgeni_Morogoro

Samahani wakubwa, umeme ukikatika usiku je?

Kikuyu_Baridi

Pampu iwekwe juu kuliko uso wa maji, au uweke vali ya kuzuia maji kurudi kwenye mpira. La sivyo umeme ukikatika maji yanarudi nyuma mpaka kwenye pampu na sakafuni. Tangi lisilosongamana linavumilia saa tatu nne, ila usilishe. Pampu ndogo ya USB ukiichomeka kwenye pawabenki inakuvusha usiku.

Nyali_Mwamba

Na Mgeni, weka kalenda ya kutenganisha. Kuanzia wiki ya tatu kagua pezi la chini nyuma ya tumbo: likianza kubana na kuwa kama kijiti, huyo ni dume. Jike ana doa jeusi hapo karibu. Madume yahamishwe kabla ya wiki ya tano kuisha. Ukichota, tumia kikombe badala ya wavu, mapezi yao yanachanika.