Naomba ushauri: rangi ya njia kwenye sakafu iliyolowa mawese

Wakuu, nasimamia ghala la mawese hapa Ujiji, Kigoma. Wapakiaji wanapita na madumu palepale toroli zinapokatiza. Juzi kijana mmoja kagongwa kifundo cha mguu. Nataka kuchora mistari ya njano kutenganisha njia ya watu na ya toroli, na nyekundu mbele ya mtungi wa kuzimia moto, maana watu wanapanga madumu hapohapo.

Shida ni zege. Limenyonya mafuta, rangi ya kawaida inabanduka vipande vipande hata tukisugua kwa sabuni na maji moto. Epoksi nayo, ile rangi ngumu ya kuchanganya na kigumishi, inataka zege kavu lisilo na mafuta. Yaliyozama ndani mnayatoaje? Tulikwangue? Na mchanga ukinyunyizwa kwenye rangi mbichi ili isiteleze, unadumu? Vijana wanavaa ndala, naogopa sana.